Yaya, Mke wa Mlinzi Amefika Kwangu

Yaya wangu, dada yangu mkubwa uliye ng'ambo ya ziwa,

Jana mchana mwanamke mmoja alisimama mlangoni kwangu hapa Rwambuzi, kikapu kitupu mkononi. Sikumtambua mpaka alipotaja jina lako. Ni Mama Vumilia, mke wa mlinzi wa ile kambi ya wageni tuliyolala msituni, ndani ya parke, ile hifadhi ya wanyama. Amekuja peke yake. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa tangu uvuke ziwa hatujaitaja safari ile hata mara moja.

Unakumbuka ulivyoitaka? Majirani walituona tumerukwa na akili. Mimi nilikuelewa. Vita ilipotufukuza mjini, mama alipotea katika mbio, nawe, msichana mdogo, ukanibeba mgongoni ukapita nami msitu uleule. Ukaniambia: "Nataka nilale mule mara moja nikiwa mugeni. Nilale, niamke, nirudi kwangu."

Kambi yenyewe haikuwa kitu. Uwanja uliofyekwa kando ya mto, choo cha shimo, pipa la maji, na tenti moja ya zamani iliyonuka ukungu. Wewe ulifurahi kama uko hotelini. Ulitia miguu mtoni ukaimba, na Mama Vumilia akacheka huku akituchomea ndizi.

Baada ya chakula cha mchana watu wakaanza kupita barabarani. Wanawake wenye magodoro kichwani, sufuria zimefungwa juu yake, kuku wananing'inia. Tuliwasalimu. Hakuna aliyeitika.

"Ni batu ba soko," alisema Baba Vumilia, mlinzi, akiendelea kupasua kuni.

Mama mmoja alipita karibu nasi, mtoto amelala mgongoni, amevalishwa viatu. Nikaona uso wako unabadilika. Hukunieleza kitu, wala sikuhitaji kuelezwa. Wakati ule wa vita hukuwahi kunivua viatu hata nikiwa usingizini, ili ukishindwa kunibeba niweze kukimbia mwenyewe.

Nilikuomba tuondoke palepale. Ukanijibu polepole, "Barabara ya jioni ni mubaya kuliko kambi. Tutatoka asubui." Halafu ukaniambia nisivue viatu. Tulilala hivyo, tumeshikana mikono kama zamani. Msitu ule wenye kelele za kila namna ulikuwa kimya, Yaya, hata vyura sikuwasikia.

Kulipokucha lori la mbao likasimama. Dereva alikuwa na haraka, macho mekundu, hakuzima injini. Alisema juu ya mbao kuna nafasi. Mama Vumilia alikuwa mtoni anasugua sufuria. Ulimshika mume wake mkono, nami nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Baba, muite bibi yako, mupande pamoja na siye."

Akacheka. "Vita ilishaisha, mama. Na kambi, nani atabakia kuichunga?"

"Kambi haina damu. Weye uko nayo."

"Siku ingine," alisema, akautoa mkono wake taratibu, kwa heshima. Dereva akapiga honi. Tukapanda.

Habari ya kambi kuchomwa ilitufikia hapa mjini kabla hatujamaliza kufua nguo za safari. Hukulia. Ulianza kuuza vyombo vyako, kimoja kimoja, na mwezi haukuisha ukashuka Mahagi-Port, ukavuka.

Jana nilimpa Mama Vumilia maji ya kuoga na ugali na sombe, majani ya muhogo. Alikula kidogo. Aliniambia risasi zilipoanza mume wake alimsukuma mbele, akamwambia akimbie bila kugeuka, naye hakugeuka. Hajui lolote zaidi. Kisha akauliza, "Ile asubui mulipoondoka, nilimuona yaya wako akimushika bwana wangu mukono. Kisha nilimuuliza bwana mulisema nini. Akaniambia munaagana tu."

Nilitamani kusema ndiyo, mlikuwa mnaagana. Lakini macho yake hayakuwa ya mtu wa kudanganywa. Nikamwambia yote: lori, nafasi, maneno yako, na jibu la mume wake.

Aliitazama mikono yake.

"Kumbe alijua," akasema. "Akanificha ili nisiogope."



Yaya, hapa mambo ni shwari, ndivyo tunavyosema. Shule imefunguliwa, soko limejaa, askari wanapita na kurudi. Lakini mwenye duka wa pale kwenye kona ameacha kuleta mizigo mikubwa, na jirani yangu amepeleka wanawe Ariwara kwa bibi yao bila kutuaga. Nikimwuliza mtu, ananiambia vita ilishaisha. Anaisema vilevile, na kicheko kilekile.

Kila ulipopiga simu kuniomba nivuke nilikujibu kwamba nina nyumba, nina kazi, nitakuja siku nyingine. Leo asubuhi nimempa jirani ufunguo. Tunashuka ziwani kesho, mimi na Mama Vumilia, kama barabara itaruhusu. Yeye hakuomba. Nilimwambia afunge kikapu chake, akafunga.

Tuandalie mkeka mmoja tu, atalala na mimi. Na akikuuliza chochote juu ya mume wake, mwambie, kama ulivyoniambia juu ya lori, kwamba mkono wake ulikuwa wa moto na haukutetemeka. Hilo sikuweza kumwambia mimi, kwa sababu aliyeushika ni wewe.

Utuombee njia,
Mdogo wako