Sebule Nyeusi ya Kibeta

Mpendwa Mzee Lwakatare, shikamoo, naomba msaada wako nikiwa peke yangu katika nyumba ambayo hata mimi naiogopa, shida yangu ni projekta, tena siyo zile za kuonyeshea mpira kibandani, hii ni ya sinema ya nyumbani, ya hali ya juu kabisa, duka moja la mjini limenipa siku kumi niijaribu kisha niseme naichukua au nairudisha, nami nikaona mtu makini lazima aipime, kwa hiyo kila filamu ikianza naisimamisha, nausogelea ukuta, natazama kama nywele za mtu zinahesabika, namwuliza mke wangu Gaudiosa, "Huo weusi ni mweusi kweli au ni kijivu?" naye anasema, "Baba Vestina, siku ya sita leo sijaona mwisho wa filamu hata moja," basi nikasoma mtandaoni kwamba kijivu kinaletwa na kuta nyeupe, nikanunua rangi nikapaka sebule yote nyeusi, dari mpaka chini, picha ya Bikira Maria nikaihamishia chumbani maana kioo chake kilikuwa kinameta, na Jumapili mama mkwe akaja kutoka Muleba bila taarifa, akafungua mlango akakuta giza, mapazia yamefungwa, mimi nimekaa chini kimya, akapiga yowe la msiba, majirani wakaja mbio, wengine na mikungu ya ndizi, Mzee Kagaruki akauliza kaburi litachimbwa upande gani wa kibanja, kule migombani, na nilipowaambia hakuna aliyekufa, ni mambo ya picha tu, Gaudiosa akafunga mzigo akaondoka na mama yake, akasema nichague, sasa zimebaki siku mbili na picha kwa kweli ni safi sana, nifanye nini?

Audax, Kibeta

Marahaba, Audax. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa nacheka. Pole. Na pole yenyewe imeishia hapo.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hata huko tulijua kilicho cheusi ni ubao, na hakuna aliyehamia ndani yake. Unasema unaipima projekta? Waitu, ndugu yangu, projekta ndiyo imekupima wewe, ikakukuta kijivu! Anayenusa sufuria ya ndizi na maharage siku kumi bila kula si mpishi, ni nzi. Mkeo amekaa gizani siku sita akingoja mwisho wa filamu, na wewe unahesabu nywele za watu usiowajua. Za kwake ziko ngapi?

Na usimcheke Kagaruki. Aliuliza kaburi kwa sababu aliona maiti imekaa chini.

Sasa sikia. Kesho asubuhi paka chokaa, mara tatu, hiyo nyeusi haina aibu. Bikira Maria mrudishe ukutani, umwombe radhi kwanza. Ile mikungu ipike, uwaite majirani. Walikuja kukuzika, wasirudi na njaa.

Siku ya mwisho beba hiyo taa yako hadi Muleba. Tundika shuka jeupe uani kwa mama mkwe, rimoti mkabidhi Gaudiosa, ukae. Filamu iende mpaka mwisho. Akisema irudi dukani, irudi, usifungue mdomo. Na kwa kuwa ni msimu, senene watafuata mwanga walijae hilo shuka, picha itaota miguu na mabawa. Mkono utakuwasha uende kutazama kwa karibu. Ukiinuka, inuka na ndoo, umkusanyie mama mkwe wa kukaanga.