Milango Kumi na Mmoja

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama anakuacha upumzike, au bado anakutuma? Sisi wazima, ila kazini moto unawaka.

Hospitali imepunguza oda. Sasa wanataka milango arobaini badala ya tisini, tena kabla mwezi haujaisha. Mwenye karakana kaniambia nipunguze mafundi wanne kati ya kumi kufikia Ijumaa, la sivyo anafunga. Wa kwanza kwenye orodha ni Pima-Tena, yule mzee niliyekusimulia. Wenzake wakimaliza milango minne, yeye ana miwili. Wewe ulikuwa fundi miaka thelathini. Nakosea? Naogopa, baba.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, mama yako analalamika zaidi.

Usimguse mzee huyo kabla hujajua anachelewa kwa nini. Simama naye asubuhi nzima, umwangalie. Halafu muulize bosi wako kama mnaweza kupokezana siku, wote kumi. Nijibu upesi.

Baba yako

12 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote.

Barua yako imenikuta nimeshakata. Ijumaa niliwaita wanne, mmoja mmoja. Pima-Tena hakubisha. Alikunja futi yake, akavua aproni, akauliza nani atakwenda kupima vyumba. Nikamjibu vipimo vipo kwenye mchoro.

Leo tumepeleka milango ishirini ya kwanza. Kumi na mmoja imegoma kuingia. Jengo ni la zamani na kila fremu ina upana wake. Kumbe mzee alikuwa anazunguka chumba kwa chumba, penseli sikioni. Ndiko kuchelewa kwenyewe! Wamesema isipokaa sawa kufikia Ijumaa ijayo, oda inavunjwa, na hapo sote tunatoka. Nimfuate kwa uso gani?

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Sote wazima. Leo salamu ni fupi.

Nenda mwenyewe, usimtume mtu. Usianze na habari za milango. Anza na "nimekosea".

Kuna jambo niliwaficha. Sikustaafu. Nilipunguzwa, mwaka ule mbaya, kwa sababu ya kuchelewa. Nilimsubiri msimamizi wangu aje anisalimie tu. Hajaja mpaka leo.

Baba yako

21 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, nimelia, sasa naandika.

Nilikwenda. Alikuwa anatengeneza kiti cha jirani. Nikasema nimekosea. Akaendelea kupiga randa, kisha akauliza, "Na wale watatu?" Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa mwenye karakana, nikamwambia wale wanne warudi, tupokezane siku wote, mimi nikiwemo, au atafute msimamizi mwingine. Alininunia weee, mwishowe akakubali hadi mwezi uishe. Baada ya hapo hajui, nami sijui.

Jana Pima-Tena alifunga mlango wa mwisho wa ile kumi na mmoja. Alipima mara tatu. Nilimshikia futi.

Baba, nakumbuka ulivyoingia mchana ule na sanduku la zana, ukasema umestaafu. Mimi ndiye niliyecheka, nikasema afadhali, sasa tumepata fundi wa kabati letu. Ukacheka nasi. Nisamehe.

Jumamosi ijayo nakuja. Sina shida wala swali. Nakuja kukusalimia tu.

Binti yako