Jina la Penbui

Siku ya saba ya juma letu la siku kumi, tarehe 17, mwezi wa pili wa mafuriko

Kazi mbaya imeniangukia. Sanamu ya mwalimu wangu, marehemu Penbui — ile amekaa chini akiandika, nyani wa Thothi, mungu wa waandishi, juu ya mabega yake — sasa inakwenda kwa mkuu mpya wa maghala. Nifute jina, nichonge la mkuu. Nikamwambia msimamizi Hui kwamba Penbui ndiye aliyenifundisha kusoma.

"Jiwe halina ndugu, Kenna," akasema. "Ukikataa nampa mwingine, naye atauharibu na uso."

Hilo la uso ndilo lililonimaliza. Nimekubali.

Siku ya nane, tarehe 18

Nimefuta. Asubuhi nzima, mchanga na maji, nyani ananitazama. Herufi ya mwisho ilikataa kutoka, nikazidisha. Sasa pana kibonde. Sikula.

Siku ya tisa, tarehe 19

Jina jipya limekaa. Limependeza, kwa bahati mbaya. Hui kanipa bia na vitunguu.

Siku ya kumi, tarehe 20. Mapumziko

Nilijua atakuja. Mama Tameri, mjane wake, hakosi siku ya mapumziko. Mkate na bia, anaviweka miguuni pa sanamu. Hajui kusoma. Miaka sita namsomea jina mimi, ili mzee apate kula. Chakula humwendea mwenye jina.

"Haya, mwanangu, mwite baba yako."

"Penbui, mwandishi," nikasoma. Sauti haikutetemeka! Naona aibu kwamba haikutetemeka. Mkate wa mjane umekwenda kwa mtu aliye hai, tena mwenye kitambi.

Akapitisha kidole kwenye maandishi, kawaida yake. Kikaingia kibondeni. Kikakaa hapo.

"Hapa pamelika."

"Mawe huchakaa, mama."

"Hili nalo?"

Wakati wa kutoka akaniambia kaka yake anakuja kutoka Memfisi. Mwandishi. "Mapumziko yajayo atasoma yeye. Nawe upumzike, nimekuchosha."

Siku ya kwanza, tarehe 21

Chini ya mguu wa nyani pana nafasi ya kuchonga tena jina la Penbui, kwa herufi ndogo. Hakuna atakayeliona. Lakini na kidole cha Mama Tameri hakifiki pale.

Jioni nimekwenda kumwambia ukweli. Nimefika mlangoni. Ndani anasaga ngano, anaongea na Penbui, anamwambia safari hii mkate utakuwa mkubwa, kuna mgeni.

Nimerudi bila kubisha hodi. Patasi nimeinoa. Ninayo mkononi.