Mpira wa Majani ya Mgomba

Mjukuu wangu Kokushubira,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Kaisho. Bibi yako sasa anatembea bila fimbo, na kahawa tumeshaianika. Mungu ametukumbuka.

Unauliza kama Mugisha, mwanao wa miaka tisa, aende kuishi kwenye ile akademi ya soka. Umri huohuo mimi nilichukuliwa nikachezee timu ya shule ya misheni, mbali na nyumbani. Baada ya miezi miwili baba alikuja na baiskeli, kaniletea mpira aliousuka kwa majani makavu ya mgomba, kama tuliouchezea nyumbani. Nikaubonyezabonyeza, nikamwambia si wa duara. Hata teke moja sikuupiga. Baba hakukasirika. Alifunga sanduku langu kwenye baiskeli, tukaondoka.

Nyumbani nilinuna siku tatu. Ya nne nikaupiga, nikacheka. Miaka minne baadaye niliomba mwenyewe kurudi, nikacheza hadi nilipooa. Namshukuru baba mpaka leo.

Basi msubiri Mugisha aombe mwenyewe. Akienda, mtembelee mapema, umpelekee mpira huu niliomsukia. Akiukagua kabla ya kuupiga, niambie.

Baiskeli ya baba bado ninayo.

Babu yako