Kofia Elfu Sita za Mama

Copper Landing, Michigan
Tarehe 9 Mei

Kwa kaka yangu mpendwa Reino,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi, kutoka huku nyumbani ambako theluji ya nyuma ya kibanda chetu cha sauna bado haijayeyuka, wakati wewe huko Arizona najua unalala na feni. Natumaini mgongo umepata nafuu na lori halijakutoa roho. Sisi huku ni wazima, kwa kiasi ambacho mtu anaweza kuitwa mzima. Mama anakula, anasali, na anamsema mchungaji kila Jumapili kwamba mahubiri yake ni marefu kuliko dhambi zetu. Saluni yangu iko wazi, ingawa siku hizi wanaoingia si wengi, na sababu utaiona hukohuko mbele.

Najua umeshangaa kupata barua. Umenipigia simu mara tatu mwezi huu na sikupokea. Nisamehe, kaka. Kwenye simu ungeniuliza swali moja tu, lini mama anapigwa picha ya kile kipindi, na mimi ningekudanganya, maana yeye hukaa hatua nne kutoka pale simu ilipo, na masikio yake hayajawahi kuumwa kama moyo wake. Kwa hiyo nimefunga saluni mapema, nimekaa kwenye kiti cha wateja, nakuandikia.

Nianzie mwanzo, hata yale unayoyajua, ili uone nilivyojifikisha hapa. Kile kipindi cha runinga, *Mnara wa Kaskazini*, kilipokatwa miaka miwili iliyopita, hapa mjini tuliomboleza kama tumefiwa. Misimu mitatu walikuja kupiga picha kwetu. Mimi niliwatengeneza nywele, Lempi, shoga yake mama wa kanisani, aliwapikia, na mama ndiye aliyefuma ile kofia nyekundu ya Signe, binti wa mlinzi wa mnara wa taa, kwa mtindo aliofundishwa na bibi. Halafu kampuni ya runinga ikakifuta, na Signe akaachwa katikati ya ziwa, barafu inapasuka chini ya miguu yake, picha ikakatika. Basi. Hatukujua kama alifika ng'ambo.

Wengine walikasirika wakasahau. Mama hakusahau. Alisema haiwezekani msichana aachwe barafuni hivihivi, bila mtu hata wa kumfungulia mlango. Wewe na mimi tunajua alikuwa anamsema nani. Tangu baba alipotoka Februari ile kwenda barafuni na fimbo yake ya kuvulia, asirudi, mama hajawahi kumwaga kahawa ya asubuhi kabla haijapoa yenyewe.

Ndipo akaja Bwana Pruitt, yule mtunzi wa kipindi, mwaka jana mwezi wa Aprili. Alikaa jikoni kwetu, akala vipande vinne vya mkate wa iliki, akasema tutakifufua wenyewe. Mpango ulikuwa harambee ya mtandaoni: watazamaji duniani kote wachange, tupige sehemu moja tu ya mwisho, Signe afike nchi kavu. Nilimuuliza kama kampuni imemruhusu. Akanijibu kwamba ruhusa itakuja yenyewe, wakishaona umati. Maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini nilikuwa nimeshapendezwa, na mtu aliyependezwa humeza hata mwiba.

Walitaka sura ya mwenyeji kwenye video ya kuombea mchango. Wakanichagua mimi. Nilisimama gatini, upepo umenivuruga nywele, mimi mtengeneza nywele, nikaahidi kwa kinywa changu: atakayechanga dola arobaini atapata kofia ya Signe, iliyofumwa kwa mkono hapahapa Copper Landing na mama aliyefuma ile ya kwanza pamoja na wenzake wa kanisani. Hakuna aliyenituma kusema "kwa mkono", kaka. Nilijisemea mwenyewe, kwa majivuno. Tulidhani watataka mia tatu. Wakataka elfu sita na mia mbili.

Hapo ndipo wewe ulipouza pikipiki yako ukamnunulia mama nafasi, kwa ile bei waliyowawekea wachangaji, katika sehemu hiyo ya mwisho. Awe yule mwanamke wa ng'ambo anayemfungulia Signe mlango, na aseme maneno yake. Siku nilipomsomea barua ya Pruitt ya kuthibitisha, alikwenda akajifungia bafuni, akatoka na macho mekundu, akasema ni sabuni. Kuanzia hapo alifanya mazoezi kila siku mbele ya mlango wa jikoni. Aliufungua, akasema, akaufunga. Jirani aliniuliza kama tuna tatizo la bawaba.

Wanawake kumi na wawili walifuma kuanzia Juni katika kile chumba cha chini ya kanisa. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu, kahawa na umbea. Kufikia Septemba Lempi alikuwa anafunga mikono yote miwili kwa bandeji, na hesabu zikaanza kutuumbua, maana sufu, na posta ya kwenda Ujerumani na Brazili na sijui wapi, vilikula zaidi ya zile dola arobaini. Kila kofia tuliyotuma ilikuwa inamega kipande cha barafu ya Signe. Nilimwambia Pruitt. Akasema ahadi ni ahadi, watu wakikosa kofia watatuita wezi.

Mwezi wa Oktoba mama akaanguka kwenye ngazi za kanisa. Nilikuambia ni kuteleza, na kweli aliteleza, lakini sikukuambia yote. Daktari wa moyo kule Marquette alisema kilango kimoja cha moyo wake kimekakamaa na lazima afanyiwe upasuaji kabla majira ya kuchipua hayajaisha. Mama akamsikiliza kwa adabu, akamwambia atakuja akishapigwa picha. Alisema hataki kufia mezani kabla hajasema neno lake. Pruitt alikuwa ametuahidi Februari, barafu ikikomaa, kwa hiyo mimi nami nikaona, sawa, ni miezi minne tu. Februari ikawa Machi.

Na Machi ikaja barua ya mawakili wa kampuni. Umati haukuwalainisha hata kidogo. Walisema hadithi ni mali yao, jina ni mali yao, Signe ni mali yao, na kofia pia ni mali yao, kwa karatasi ambayo mama aliitia sahihi msimu wa kwanza walipomlipa kwa ile kofia ya kwanza. Tusipige picha yoyote. Tusitume kofia nyingine hata moja. Mtindo wa bibi, Reino, ambao bibi aliutoa Finland kichwani mwake, mama haruhusiwi kumfumia mgeni. Pruitt alinipigia simu akalia. Pesa iliyobaki imekwenda kwa wakili wa kwetu, aliyetuandikia ukurasa mmoja wa kutuambia kwamba mawakili wa kule wamesema kweli.

Basi kipindi kimekufa mara ya pili, na safari hii tumekiua kwa fedha za watu. Pikipiki yako haitarudi, kaka, naomba ulijue hilo kutoka kwangu. Sura wanayoijua watu ni yangu, kwa hiyo wananiandikia mimi. Mwalimu mmoja wa Ohio aliandika kwamba alichanga kwa ajili ya mke wake, na mke ameshazikwa, sasa anauliza tu Signe alifika au la. Sikumjibu. Hata hapa mjini wananitania, na utani wenyewe una meno. Elmer Saari alinikuta kituo cha mafuta akaniambia, "Verna, kofia yangu iko njiani, au nisubiri mpaka upara ufike kisogoni?" Nilicheka naye. Halafu nikakaa kwenye gari bila kuliwasha.

Sasa sikiliza ninachokificha. Mama hajui. Tangu aanguke hashuki tena ngazi za kanisa, hata ibada huisikiliza redioni, anafumia nyumbani kwenye kiti cha baba, na barua zote huja saluni. Nilipanga kumwambia siku ileile ya barua. Nilifika nikamkuta mlangoni anafanya mazoezi, amevaa gauni la Pasaka kuona kama litafaa. Nikasema nitamwambia kesho. Unaijua kesho hiyo. Lempi na wenzake nimewasihi wanyamaze, nao, Mungu awabariki, huja Jumapili na sindano zao wakajifanya wanafuma, wakati wameshaacha tangu Machi. Kofia zilizokwisha kufumwa zikabaki bila kutumwa, mia nne na kumi na mbili, nimezirundika chumbani kwako juu ya kitanda. Mama anadhani nilizipeleka posta.

Katikati ya Aprili sufu ikaisha. Aliniomba nyingine. Pruitt hatumi tena, na kama ningesema haipo, angeuliza kwa nini, na "kwa nini" hiyo ingenivua nguo. Saa nane mchana, alipolala usingizi wake, niliingia chumbani kwako, nikachukua kofia ya juu kabisa, nikatafuta mwisho wa uzi, nikavuta. Inafumuka upesi sana, Reino. Kazi yake ya siku nzima iliisha kabla birika halijachemka. Nikauosha uzi, nikauning'iniza kwenye joto la sauna na jiwe chini yake ili unyooke, nikauviringa donge, nikampelekea kwa mkono wangu. Akanishukuru. Akafuma. Alipomaliza aliniomba niipeleke posta, nikaichukua, nikaifumua.

Hii ndiyo kazi yangu karibu mwezi mzima sasa. Nafumua kofia za mama yetu, nampa azifume tena, ili asije akauliza. Vidole vyake vimevimba, anapumua kama anapanda mlima, na mimi namletea uzi. Daktari amepiga simu mara mbili. Nikimwambia mama kwamba hakuna picha, naogopa moyo huo utasimama palepale. Nisipomwambia, anaendelea kuisubiri siku ambayo haipo, na majira ya kuchipua hayo yanakwisha. Nimegeuza jambo hili kila upande na kila upande unanikata.

Halafu Jumanne iliyopita akashika uzi, akausogeza dirishani, akaupapasa kwa kidole gumba. Akasema, "Verna, uzi huu umeshawahi kuwa kofia."

Nikasema labda kiwandani hufanya hivyo. Hakunitazama. Akanionyesha mahali uzi mmoja ulipoungana na mwingine bila fundo, pamenenepa kidogo. Unakumbuka anavyounga uzi: hulowesha ncha mbili kwa mate, akazisugua viganjani mpaka zishikane. Hakuna mwingine hapa mjini anayefanya hivyo, Lempi humwambia ni uchafu. "Mate yangu nayajua," akasema. Nilingoja aniulize. Aliweka uzi kwenye sindano, akahesabu vitanzi vyake, akaendelea kufuma, na mimi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Tangu hapo hatujalizungumza. Sijui anajua kiasi gani. Sijui anajua tangu lini. Nimeanza kufikiri kwamba naye anaogopa kile kisu cha Marquette, na kwamba madhali nampa uzi, yeye ana sababu ya kutokwenda na mimi nina sababu ya kutosema. Mazoezi ya mlangoni ameacha tangu Jumanne. Sikujua kama ningeukosa mlio wa bawaba ile.

Njoo, kaka. Sikuombi pesa, wala usiniletee lawama kabla hujafika. Njoo uketi naye, umwambie wewe, au yeye akuambie wewe, maana mimi na yeye tumeshindwa kuambiana. Wewe, mtoto wa kiume, alikusikiliza hata ulipokuwa unamdanganya.

Lempi anakusalimu, anasema bado unadaiwa ngoma moja ya sherehe ya kiangazi. Elmer anakusalimu, kwa upara wake. Wape wote wa huko salamu zangu, na mwenye nyumba wako umwambie lile paa alitengeneze.

Mama nilimwambia asubuhi kwamba nakuandikia, nikamuuliza ana salamu gani. Aliweka sindano chini. Akanyoosha mgongo, akatazama mlango wa jikoni, akasema kwa ile sauti yake ya mazoezi, polepole, bila kukosea hata neno: "Mwambie Reino: ingia mwanangu, kahawa bado ya moto."

Ndiyo maneno yenyewe, kaka. Ndiyo uliyomlipia. Nilimuuliza kama basi sasa tumpigie daktari. Akasema acha kwanza amalize kofia iliyo mkononi. Kofia hiyo naijua. Nimeshaifumua mara nne.

Mimi ndugu yako akupendaye,
Verna Kinnunen