Kilo za Kidoti

Jumatatu, 6 Aprili

Mama mpendwa,

Mjukuu wako sasa hivi amevua kiatu kimoja, amekiweka juu ya mizani ya uwanja wa ndege, kisha akasimama kando kwa adabu asubiri kusomewa kilo zake. Watu wote tumecheka. Basi shikamoo, Mama. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ukiacha ule moyo wake wenye tundu. Akicheka sana midomo bado inageuka rangi.

Usidhani uwanja wenyewe ni kitu kikubwa. Ni nyasi tupu, chumba kimoja cha bati na benchi. Mtu mmoja ndiye kila kitu: anafukuza mbuzi ndege inapotaka kutua, anaongea na rubani kwenye redio, anapima abiria na mizigo. Sote tunamwita Mzee wa Mizani. Kila mtu anaandikwa kilo zake, maana ndege inabeba watu watano tu na ikizidiwa haiinuki. Sisi tumeshapimwa. Inakuja kesho. Daktari mgeni wa moyo anaondoka hospitali kuu Ijumaa usiku, kwa hiyo tutamuwahi. Daraja la barabara ya hospitali likisombwa, Mungu anafungua njia ya juu!

Barua nampa muuza maziwa, anarudi huko na pikipiki yake.

Mwanao,
Mama Kidoti


Jumanne, 7 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Ndege imekuja, imeondoka, na sisi tumebaki.

Jana nilipandishwa kwenye mizani Kidoti amelala mgongoni. Mzee wa Mizani akaandika. Mtoto akaamka, akashuka, Mzee akampima naye peke yake, kilo tisa, akaandika tena. Niliona kabisa kwamba amempima mara mbili. Nikaona haya kumsahihisha mtu mzima, tena mbele za watu. Nikajiambia kilo tisa zitamdhuru nani?

Leo rubani amejumlisha, akasema, "Zimezidi tisa. Atoke wa mwisho kuandikwa." Wa mwisho ni sisi. Nilikuja kusema, Mama, naapa nilisema, lakini injini ilikuwa imeshawaka. Hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Mke wa Mzee ametupa kitanda tusubiri ndege ya kesho. Kidoti anauliza kwa nini hatukupanda. Nimjibu nini?

Mwanao,
Mama Kidoti


Jumatano, 8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unauma kama ulivyouacha. Umekula? Mtoto amekula?

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilikufundisha heshima, sikukufundisha ububu. Lakini kosa nalijua lina mama yake. Nani alikuwa akikufinya paja ukimkosoa mkubwa? Mimi. Basi leo nakuondolea mfinyo. Nenda umwambie: "Baba, mtoto umempima mara mbili." Maneno matano, vidole vya mkono mmoja. Mtu mzima hafi kwa kusahihishwa.

Fundi cherehani, jirani yako, anasema kama shida ni uzito ungeuacha ulimi nyumbani, maana huutumii. Nimemfukuza, ila nilicheka kidogo, nisamehe.

Mvua huku imeanza tangu alfajiri. Huko je? Nijibu upesi, mwanangu. Nikisikia pikipiki natoka nje hata kama ni ya mtu mwingine.

Mama yako


Alhamisi, 9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sisi tuko hai, nawe nakuombea uwe mzima.

Yale maneno matano niliyasema. Mzee wa Mizani alishika kichwa, akachana karatasi, akaandika upya mbele yangu. "Binti yangu, ungenipigia hata kelele," akasema. Lakini mvua haisahihishwi. Jana tuliisikia ndege juu ya mawingu ikizunguka mara mbili, nyasi zikiwa zimejaa maji, halafu sauti ikaenda zake.

Leo jua limetoka. Rubani amesema kwenye redio kwamba amebeba majeruhi aliyelazwa sakafuni, viti vimeng'olewa. Yuko muuguzi mmoja naye. Mtoto anaweza kupakatwa na muuguzi. Mimi hapana.

"Hata nikikaa chini?" nimeuliza.

"Chini ndiko aliko mgonjwa, mwanangu," amejibu Mzee.

Safari nyingine ni Jumatatu, na daktari atakuwa ameshaondoka. Ningekuuliza wewe, lakini muuza maziwa hajafika na mlio wa ndege naanza kuusikia. Nimejiuliza, nimejijibu. Nimetia sahihi karatasi ya ruhusa ya kupasuliwa. Hospitali wamesema watampokea. Naamini, Mama. Nisipoamini nitafanya nini?

Nimemvalisha gauni la njano. Kifuani nimembania karatasi kwa pini, ya huyo muuguzi nisiyemjua hata sura. Nimeandika: Anaitwa Kidoti. Hataki maziwa ya baridi. Akililia kushuka mwonyeshe kitu chochote kidogo, ataanza kukihesabu, akifika tatu anarudia moja. Hawezi kulala bila kushika sikio la mtu, tafadhali mpe lako.

Imetua. Matope yameruka hadi ukutani. Kidoti anapiga makofi, anadhani tunakwenda wote. Mzee anapunga mkono. "Mama Kidoti, mlete! Rubani hazimi injini!" Nakuja, nimemwambia, nakuja. Lo, Mama, sijaandika kwamba akiamka mahali pageni huwa halii, ananyamaza tu, ananitafuta kwanza chini ya