Karia Niliyoikata

Ghala la Kahawa,
S.L.P. 114,
Songea.
11 Agosti 1996

Mpendwa Kaka Yohanes,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila habari za mabega usiniulize. Magunia ya kahawa mwaka huu ni mengi na wapakiaji ni sisi wale wale. Mama anaendeleaje na kifua chake? Baridi ya huku imetuingia mpaka kwenye mifupa, nanyi huko ziwani najua mnalala bila blanketi. Benigna wangu na mtoto je? Asante kwa kunitunzia.

Barua yako nimeipata. Unataka Krismasi nije na baiskeli ili ibebe dagaa wetu wa usipa kupeleka kwa wanunuzi. Kaka, sitazungusha maneno. Haitabeba tena. Karia yake ya mizigo nimeikata.

Sikiliza kwanza, ndipo ukasirike. Tajiri mmoja, katika hawa walioruhusiwa kununua kahawa siku hizi, ameandaa mashindano Jumamosi ijayo. Mnavuka bwawa kwa kuogelea, mnapanda baiskeli kwenye lami ya Njombe kwenda na kurudi, halafu mnakimbia kwa miguu hadi Matogoro, bila kupumzika. Atakayeshinda anaajiriwa tarishi katika ofisi yake ya Mbinga. Mbinga si nyumbani, lakini kutoka pale nitashuka ziwani kila mwisho wa juma. Mara ya mwisho nilipokuja, mwanangu aliniita mjomba. Nimechoka kuwa mgeni kwangu.

Maji hayanitishi, unajua tulikokulia. Shida ni baiskeli. Ile niliyonunua kwa Mjerumani wa kujitolea si ya milimani wala si ya mbio, iko katikati, nami nilikuwa nimeigeuza punda: karia ya nondo ya kuchomelea, stendi ya miguu miwili, madigadi, matairi mapana. Fundi Daimu, Myao wa Tunduru mwenye kibanda karibu na ghala letu, alishika msumeno akanitazama.

"Bwana Polikarp, nikikata hapa sirudishi. Fremu hii haitavumilia moto mara ya pili. Umemwomba Mungu lakini?"

Nikamwambia akate kabla sijaogopa.

Darini kwake kulikuwa na baiskeli kuukuu ya mbio. Akatoa usukani wake, uliopinda kama pembe za kondoo, akanifungia. Matairi yake membamba nayo yakakubali ringi zangu. Tandiko tumelipandisha, sasa naendesha nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Bakili, ninayepakia naye na ambaye atashindana pia, alicheka mpaka akakaa chini. "Mnyasa, baiskeli bila karia ni kitu gani? Majini utatuacha kama usipa, lakini barabarani tutakuanika!"

Siku ya kwanza nilianguka. Miaka yote hii nimebeba mizigo nyuma, na kila kona nimezoea kugeuka kuangalia kama kamba imelegea. Kwenye mteremko mrefu wa lami nikageuka kutazama gunia ambalo halipo, nikaingia mtaroni. Bakili akanipita akipiga kelele, "Mzigo umedondokea wapi, babu?" Nilicheka naye. Nilipofika chumbani nikapiga hesabu. Nikishindwa, Mbinga sina, na vibarua vya jioni vilivyokuwa vikiwaletea unga huko navyo sina, maana vilikuwa vya karia ile.

Hata hivyo sirudi nyuma. Kila alfajiri naingia barabarani kabla ya kuripoti ghalani, goti likiniuma. Nikishindwa nitabeba kichwani. Nilikuwa nikibeba kichwani kabla sijaijua baiskeli. Unga hamtaukosa. Kuhusu usipa, kwa sasa mwombe Egidi wa jirani akuazime baiskeli yake. Nisamehe kwa kukuvurugia mpango.

Msalimie sana Mama, ila habari za goti usimfikishie. Msalimie shangazi Hilda na wote wa pale kwenye miembe. Benigna mwambie aanze kumfundisha mtoto kutamka "baba", asisubiri Jumamosi.

Leo baada ya misa nilirudi kwenye mteremko ule. Nimeshuka wote, kona zote, mpaka darajani chini. Sikugeuka hata mara moja.

Mungu awafunike kwa mkono wake, na nyavu zenu zisirudi tupu.

Mdogo wako akupendaye,
Polikarp